Ng'ambo ya Bibi Somoe

Ufukoni, Mtwara
Jumapili, 14 Septemba 1958

Asubuhi umande mwingi. Ukungu mwembamba upande wa bandarini, umeondoka kabla ya saa mbili. Mchana jua kali. Harufu ya maua ya mikorosho imefika mpaka uani.

Mwanangu Riziki,

Nimeanza kama ninavyoanza kila siku katika daftari langu, maana mkono wangu haujui njia nyingine. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinicheka: "Mama, mvua imenyesha, sote tumeiona, ya nini kuiandika?" Usiku huu nitakueleza ya nini.

Nakusikia chumbani ukilifungua sanduku na kulifunga tena. Nadhani hii ni mara ya nne. Sitaandika habari za fulana za sufu, wala za chakula, wala za mtu wa kumwamini melini. Hayo umeyasikia kwangu wiki nzima, hata umeanza kujibu "ndiyo, mama" kabla sijamaliza kusema. Nataka kukueleza jambo moja, nalo limo ndani ya bahasha ya kaki ambayo kesho nitakupa pamoja na pasi yako.

Humo mna nakala ya ukurasa mmoja wa daftari langu la mwaka 1941, imepigwa muhuri wa boma. Ukurasa huo ndio uliokupatia pasi. Popote utakapoulizwa ulizaliwa wapi, na kwa nini fomu yako ya kwanza inasema vingine, utaitoa karatasi hiyo. Wewe hujaisoma. Siku ile boma uliambiwa usubiri nje kwenye benchi, nami nilishukuru kwamba mlango ulikuwa mzito. Mna mistari mitatu humo ambayo sitaki uisome peke yako katikati ya bahari kabla hujaisikia kwangu.

Lakini nikianza na mistari hiyo utanielewa vibaya. Nianze na kosa.

Unajua kwamba hukutoka tumboni mwangu; hilo hatukukuficha. Mama yako Zuhura alifariki ukiwa bado unanyonya. Baba yako wakati huo alikuwa kazini katika mashamba ya katani, Lindi. Bibi yako Somoe, mama yake Zuhura, akakubeba akaenda nawe kwa ndugu zake Kionga, kusini ya Ruvuma. Baba yako aliponioa mimi, tulivuka kwenda kukuchukua. Ulikuwa na miaka miwili na nusu.

Ulizaliwa upande gani wa mto? Hakuna aliyeliuliza swali hilo wakati ule. Zuhura na mama yake walikuwa na shamba la muhogo Mahurunga na jaruba la mpunga upande wa kusini, nao walilala popote kazi ilipowakuta. Baba yako alipata habari zako kwa mdomo wa mpita njia, ukiwa umekwisha kutimiza arobaini. "Mtoto wa kike, mzima." Hiyo ndiyo habari yote aliyopewa, akaridhika nayo mpaka alipofariki. Mto ulikuwa mto tu. Watu waliuvuka asubuhi na jembe begani na jioni wakarudi.

Miaka miwili iliyopita shule ilipotaka cheti chako cha kuzaliwa, nilikwenda boma kukuandikisha. Karani Chitanda unamjua, yule Mmakua mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinipa fomu niijaze mwenyewe.

"Jaza wewe, mwalimu," alisema. "Mwandiko wako ukiingia kabatini, mafaili mengine yanaona haya."

Nilifurahi. Naliandika hilo kwa sababu kosa lilipita hapo hapo, katika furaha ile. Nilipofika mstari wa mahali pa kuzaliwa nikasita. Kisha nikakumbuka kwamba zamani nilipata kumuuliza Bibi Somoe, naye akanijibu neno moja: ng'ambo. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha boma la Mtwara. Ukiwa Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma ni kwa Mreno. Nikaandika: Kionga, Ureno. Herufi zimesimama vizuri, wino mweusi. Nikatia sahihi kwamba niliyoyaandika nayajua.

"Una hakika?" Chitanda aliniuliza.

"Mimi ni mtu wa kuandika mambo, karani."

"Basi. Kwa waraka wa serikali tulio nao haina neno. Amekulia hapa, atatambuliwa."

Bibi Somoe alikuwa hai siku hiyo, Riziki. Alikuwa mwendo wa siku moja na nusu kutoka pale nilipoketi. Ningeweza kuiacha fomu juu ya meza na kwenda kumuuliza tena. Sikwenda, kwa sababu nilikuwa mtu wa kuandika mambo. Mvua zilizofuata akafariki.

Mwaka huu hospitali ya Uingereza ilipokupa nafasi ya kusomea unesi, na sote tukaenda kuomba pasi, waraka ulikuwa umebadilika. Ulikuwepo, lakini nadhani ulikuwa ukimtazama Chitanda usoni kuliko kumsikiliza. Mimi niliandika maneno yake jioni ile ile.

"Waraka wa zamani tumeambiwa tuufunge," alisema. "Huu mpya unasema hivi. Aliyezaliwa Tanganyika ni mtu wa himaya ya Mwingereza, apewe pasi. Aliyezaliwa kwa Mreno, na baba yake naye amezaliwa kwa Mreno, huyo ni mgeni. Aombe uraia."

"Baba yake alizaliwa Kionga zamani za Mjerumani," nikasema. "Hakukuwa na Mreno pale. Mreno alipewa Kionga baada ya vita vile vya kwanza, marehemu akiwa mvulana."

"Mimi nalijua hilo, mwalimu. Waraka haulijui."

"Basi ataomba uraia."

"Akitimiza miaka ishirini na mmoja. Hapo ataomba, ataapa, na Dar es Salaam watajibu watakapojibu. Ana mingapi?"

"Kumi na tisa."

Chitanda akaifunika kalamu yake. Nikamuuliza waraka wa mwakani utasemaje. Akasema, "Nami nausubiri kama wewe. Watu wanasema Mwingereza mwenyewe anafunga mizigo. Labda huo wa mwakani tutauandika wenyewe."

Hospitali haikuweza kukuwekea nafasi miaka miwili. Uliniambia, "Si neno, mama, nitangoja," ukaenda uani kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeoshwa. Nilikusikia ukiziosha. Nilijua kwamba kati yako na meli pamesimama maneno mawili, na kwamba maneno hayo yameandikwa kwa mkono wangu.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hulijui. Jirani yetu mmoja, kwa huruma, alinishauri nimtafute mwanamke wa Mahurunga aape kwamba ndiye aliyekuzalisha. Usidhani nilikataa palepale. Nililifikiria siku mbili. Nilifika hata kumchagulia mwanamke huyo jina. Kilichonizuia hakikuwa wema. Nilimwona akiulizwa swali moja tu asilolitarajia, halafu nikakuona wewe miaka kumi mbele, unesi wako wote umeketi juu ya kiapo cha mtu niliyemtunga mimi. Ndipo nikakuambia tufunge safari ya Mahurunga tukatafute mtu wa kweli.

Jumbe alitupokea vizuri, ila alitucheka.

"Somoe? Yule alikuwa akilima pande zote mbili, kama kiboko," alisema. "Huyu ntoto leo tulimsikia akilia huku, kesho kule. Lakini siku yenyewe ya kuzaliwa, mwalimu, mimi mwanamume utanitafutia nini hapo?"

Wanawake waliokuwepo wakati ule, wawili walikuwa wamefariki, na wa tatu alikuwa anamwita kila mtu Zuhura. Tukavuka. Nilitaka kuwafikia ndugu wa bibi yako Kionga, ingawa nilijua mtu wa kwa Mreno hawezi kuja kuapa Mtwara.

Hatukufika Kionga. Unakumbuka tuliposhuka mtumbwini, pale kwa wanawake wawili waliokuwa wakiuza mikeka? Wewe ulikuwa unakung'uta mchanga viatuni. Mmoja wao alinikunjulia mkeka.

"Nunua nkeka, mama. Huu umetoka ng'ambo. Ukindu wake haukatiki."

Nikataka kumtania. "Ng'ambo si ndiyo hapa tulipo, dada? Mbona unaniuzia mkeka wa hapa kwa sifa ya mbali?"

Alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa kanga. "Hapa ni kwetu. Ng'ambo ni huko mlikotoka nyie, Mahurunga. Ngeni unakuja kwangu, unaniambia mimi ndiye nipo ng'ambo?" Akamgeukia mwenzake. "Nsikie huyu. Kavuka nto, kaiacha akili."

"Kaiacha ng'ambo," mwenzake akajibu.

Wewe ukacheka pamoja nao. Kisha ukanitazama ukaniuliza kama nimeumwa na mdudu. Nilinunua mkeka ule bila kupatana bei, nikasema turudi. Njia nzima hukupata neno kwangu, ukadhani nimekasirishwa na utani. Sikuweza kukueleza kwa sababu nilikuwa naogopa kukupa tumaini nusu.

Fikiri nami. Bibi Somoe alisema ng'ambo. Neno nililikumbuka vizuri. Mahali aliponiambia nilikuwa nimepasahau. Alikuja Mtwara kututembelea mara tatu maishani mwake. Mimi nilikwenda kwake Kionga mara moja, siku tuliyokwenda kukuchukua. Kama aliniambia akiwa hapa kwetu, ng'ambo yake ilikuwa Kionga, na fomu yangu ilikuwa sahihi. Kama aliniambia akiwa kwake, ng'ambo yake ilikuwa Mahurunga, nawe ulizaliwa Tanganyika. Neno lilikuwa lile lile, na bibi yako hakudanganya kwa vyovyote vile. Yote yalitegemea alikuwa amekaa wapi alipofungua mdomo.

Nilisoma Unguja mpaka madarasa ya juu, hadi pale serikali ilipomruhusu msichana kufika wakati ule. Mwalimu wetu wa kuandika alitutaka tuanze kila ukurasa na mahali, halafu siku, halafu hewa. Wenzangu waliiacha desturi hiyo siku tulipoacha shule. Mimi niliendelea nayo, kwa ubishi zaidi kuliko kwa hekima. Basi usiku ule wewe ulipolala nilifungua sanduku la bati, nikalitoa daftari la mwaka 1941. Nilikaa nalo mapajani kabla ya kulifungua muda wa kutosha kwa chai kupoa.

Nakunakilia ukurasa kama ulivyo, ili usiusome mara ya kwanza kwenye karatasi yenye muhuri.

"Kionga, Jumatano, 13 Agosti 1941. Asubuhi ukungu, jua limetoka saa tatu. Nimemuuliza Bibi Somoe mtoto alizaliwa wapi. Amesema: Ng'ambo, mwezi wa Mfunguo Tatu, mwaka mto ulipobeba mpunga. Mtoto hataki kunisogelea. Simtaki, naye hanitaki. Ana macho ya marehemu na kila akinitazama naona nimekaa mahali pa mtu. Kesho nitamwomba bwana tumwache hapa hapa kwa bibi yake, wala sitaona haya."

Neno la kwanza la ukurasa ni Kionga. Nililisoma mara nyingi. Nilicheka peke yangu, nikaweka mkono mdomoni kama yule mwuza mikeka. Baadaye macho yakateremka mpaka chini ya ukurasa, na kicheko kikaisha.

Riziki, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa bi harusi wa miezi minne. Sikukuandikia wewe, nilijiandikia mwenyewe, na sikujua kwamba mtu atakuja kuihitaji karatasi ile. Sisemi haya ili kujitetea. Nilichoandika siku ile kilikuwa kweli siku ile, kama ukungu ulivyokuwa kweli mpaka saa tatu.

Nililiweka daftari chini ya mto wa kulalia siku tatu bila kukuambia. Siku ya kwanza nilijiambia sijapata uhakika. Siku ya pili nilifikiria kunakili mistari ya juu tu katika karatasi safi. Siku ya tatu uliniletea uji, ukaniambia umemwandikia barua matroni wa hospitali ile kumshukuru na kumwomba radhi kwamba hutakwenda. Ulikuwa umeiandika vizuri, hakuna neno la kulalamika. Nikakuomba usiipeleke posta mpaka kesho.

Ndani ya chumba cha boma tulikuwa watatu: yule kijana Mwingereza aliyekuja baada ya Idi kuwa bwana shauri, karani Chitanda, na mimi. Bwana shauri anasema Kiswahili cha salamu na cha kodi. Ukurasa mzima humshinda. Akamwambia Chitanda asome na kumfasiria. Kiingereza changu unakijua: kusema sisemi mbele za watu, lakini kusikia nasikia.

Chitanda alisoma vizuri mpaka kwenye mpunga. Kisha akasema kwa Kiingereza kwamba mtoto alikuwa na haya kwa wageni, na kwamba ukurasa umeishia hapo. Akaliweka daftari mezani na kuondoa miwani.

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa amenisitiri, naye hakuwa na faida yoyote. Lakini bwana shauri alikuwa anaitazama karatasi, na hata asiyejua Kiswahili anaweza kuhesabu mistari. Nilijua akishuku mistari ya chini ataishuku na ya juu.

"Karani, umeruka," nikasema.

"Mwalimu, hiyo haihusu mahali pa kuzaliwa."

"Imo katika ukurasa. Soma."

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "binti yuko mlangoni."

"Mlango umefungwa. Soma."

Akasoma. Alifasiri neno kwa neno, bila kunitazama. Mimi nilitazama kabati la mafaili. Alipomaliza, bwana shauri aliligeuza daftari upande wake. Kisha akaniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake, "Wewe nataka mimi naona hii?"

"Nilitaka uone mstari wa juu, bwana. Huu mwingine ni jirani yake."

Akavuta fomu yangu ya miaka miwili iliyopita, akaiweka kando ya daftari, akaziangalia sahihi zote mbili. Akamwambia Chitanda jambo kwa Kiingereza. Nalikumbuka lote. Alisema kwamba mtu anayetunga ushahidi hujipamba, na mama huyu amejianika. Kisha akataka maelezo ya jumbe kuhusu mwaka wa mafuriko na mashamba ya Somoe, akasema vyote vitakwenda Dar es Salaam pamoja na nakala ya ukurasa. Nakala kamili, si vipande.

Hapo Chitanda alijaribu tena. Aliniambia tukiwa kwenye korido, "Pasi ikija, mwalimu, mpe binti pasi peke yake. Nakala utunze wewe. Nani atamwuliza?"

Pengine hakuna atakayekuuliza. Lakini nimeona mara mbili waraka ukifungwa na mwingine kufunguliwa, na kila ulipofunguliwa mpya, waliopata taabu ni wale ambao karatasi zao zilikuwa kwa mtu mwingine. Karatasi yako iwe kwako, hata kama ndani yake mimi sipendezi.

Pasi ilifika Jumanne iliyopita. Umeiona: mtu wa himaya ya Mwingereza, amezaliwa Mahurunga, Tanganyika. Ulirukaruka uani kama mtoto, jirani akatoka kuuliza kama tumeua nyoka.

Kuna jambo lingine la kosa langu, nalo bado halijaisha. Miaka yote hii wanawake na wazee wamekuwa wakiniletea fomu zao, na kila niliyemjazia nimemwandika katika daftari. Baada ya Mahurunga nilirudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Nimewakuta saba walioniambia "ng'ambo", nami nikaandika Ureno bila kuuliza lolote. Jumamosi zile ulizodhani nakwenda kumwona daktari wa macho, nilikuwa nakwenda kwao. Naketi nawauliza: neno hilo umelisikia kwa nani, naye alikuwa akikaa wapi? Watatu tumekwisha kuwaandikia upya. Bi Esha wa Ziwani alinitania kwamba safari hii nimekuja kumfuta nchi moja na kumpa nyingine kabla ya chakula cha mchana. Mzee mmoja wa huko huko Ziwani alinyimwa hati mwaka jana kwa fomu yangu, akahama. Nilipouliza aliko, mkwe wake alinijibu, "Yuko ng'ambo." Nimetuma habari mara mbili. Nitatuma tena.

Hayo ndiyo niliyoyapata, mwanangu, nayo ni machache. Wewe utakaa wodini na kuandika maneno ya wagonjwa. Mtu akikuambia maumivu yako huku, mwache akuonyeshe kwa mkono wake kabla hujaandika. Usione haya kuuliza mara ya pili kwa sababu una mwandiko mzuri.

Kuhusu nchi, sijui utakaporudi utaikuta inaitwaje wala nani atakuwa ameketi kwenye kiti cha bwana shauri. Wengine wanasema pasi yako itakuwa karatasi ya kufungia karanga kabla hujamaliza masomo. Nami natumaini wamesema kweli. Natumaini siku moja tutakuwa raia wa hapa, si watu wa himaya ya mtu, na kwamba utaletewa fomu mpya kwa lugha yetu wenyewe. Siku hiyo Chitanda anasema atavaa miwani mipya. Itakuwa na mstari wa mahali pa kuzaliwa kama zote. Utaandika Mahurunga, na ukiulizwa umejuaje, utatoa nakala yako, na utakuwa na haki ya kupiga kura juu ya waraka unaofuata.

Nakala ya boma inaishia pale kwenye "sitaona haya", kwa kuwa ndipo ukurasa unapoishia. Serikali haikuwa na haja na ukurasa wa pili. Tangu nianze kuandika sijapata kuuchana hata ukurasa mmoja wa daftari langu. Usiku huu nimeuchana mmoja, kwa wembe, taratibu, kufuata uzi. Umo ndani ya bahasha, nyuma ya nakala. Hauna muhuri. Unasema hivi:

"Mahurunga, Alhamisi, 14 Agosti 1941. Asubuhi baridi, mto umetulia. Nilimwomba bwana tumwache mtoto, amekataa. Bibi Somoe amemtia mtumbwini kwa mikono yake, akamwambia: Nenda, nke mwenzangu, leo nyumba nimebaki nayo peke yangu. Kisha akatugeuzia mgongo kabla hatujaondoka. Mtoto hakulia. Katikati ya mto akaogopa maji, akakishika kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia. Hakukiachia mpaka ng'ambo, na hata sasa amelala nacho. Ndiyo maana leo naandika kidogo."

Sanduku lako limenyamaza tangu saa sita. Nimechungulia: umelala na viatu vya safari mguuni, ulikuwa unavijaribu. Nimevivua.

Mama yako.

Saa nane na robo usiku. Hakuna upepo. Nalala.